Nguo ya Kuazima Jukwaani

Kuna sentensi fupi yenye uwezo wa kuliua igizo kabla halijafika katikati: "Hii siyo yetu." Ukihudhuria maonyesho ya jukwaani kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo kwa miaka kadhaa utaisikia tu, na utajifunza hata kuibashiri. Haisemwi ngoma inapolia. Haisemwi wanasarakasi wanapopandana mabegani. Husemwa pale anapotokea mwigizaji aliyevaa kitu ambacho si kanga, si kaniki, si suti: boksi kichwani, mabomba ya plastiki mikononi, mwili mzima umegeuka koni. Hana jina, hana kabila, hadithi yake haianzi na hapo zamani za kale. Hapo ndipo mtu wa benchi la nyuma anapomgeukia jirani yake: mambo ya Kizungu haya. Na akiwa mtu mzima kidogo, anaongeza na methali: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Methali hiyo naipenda, kwa sababu kwa kweli ni methali ya maleba. Inagusa hasa kile tunachobishania. Msanii wa pwani anapochukua umbo lililobuniwa na mchoraji wa Paris au mbunifu wa Ujerumani miaka mia moja iliyopita, akalivisha waigizaji wake, amefanya nini? Amejifunza? Ameiga? Ameiba? Au amejidharau tu? Hakuna polisi atakayemkamata kwa kuazima miraba ya watu. Swali ni la kimaadili, na nadhani pande zote mbili tunalijibu kizembe.

Tuanze na chenyewe kinachoazimwa, maana mara nyingi tunabishana juu ya kitu tusichokitazama.

Tarehe 30 Septemba 1922, mjini Stuttgart, mchoraji na mchongaji Oskar Schlemmer alionyesha dansi aliyoiita Triadisches Ballett, yaani dansi ya utatu. Wachezaji watatu, sehemu tatu zenye rangi tatu (njano, waridi na nyeusi), dansi 12 na maleba 18. Maleba yenyewe ndiyo yaliyokuwa habari. Sketi zilikuwa duara ngumu za waya, mikono ikawa mipira na virungu, vichwa vikafunikwa kwa maumbo laini yasiyo na uso. Mchezaji hakuvaa nguo ili apendeze. Nguo ilimwamulia jinsi ya kutembea. Akitaka kuinama, duara linamkataza. Akitaka kukumbatia, virungu vinagongana. Wakati huo Schlemmer alikuwa mwalimu katika Bauhaus, shule ya usanifu na ubunifu iliyoanzishwa Weimar mwaka 1919, na kuanzia 1923 akawa ndiye msimamizi wa karakana yake ya jukwaa. Baadaye alimfunga mchezaji vijiti virefu kwenye viungo vya mwili, kiasi kwamba ukitazama huoni mtu, unaona mistari inayokatana gizani.

Kwa nini mtu afanye hivyo? Schlemmer alikuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza na alijeruhiwa. Kizazi chake kiliona miili ya vijana ikihesabiwa, ikivalishwa sare, ikipelekwa mbele kama vipuri, na waliorudi wengi wao walirudi na miguu ya mbao na mikono ya chuma. Viwanda navyo vilikuwa vinamfundisha mtu kufuata mwendo wa mashine. Maumbo yale hayakuwa urembo mtupu. Ndani yake mlikuwa na swali: katika dunia inayopima kila kitu kwa rula, mwili wa mtu unabaki na nini kilicho chake? Tulikumbuke swali hilo, tutalirudia.

Sasa tumsikilize mtu wa benchi la nyuma, kwa heshima. Si mjinga. Amekulia katika nchi ambayo kwa miongo mingi kipimo cha akili kilikuwa kulijua la Mzungu. Bagamoyo yenyewe, mji wa misafara, uliwahi kuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani kabla hayajahamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Boma lao bado limesimama. Mtu huyu ameona pia semina za wiki mbili: anakuja mtaalamu kutoka nje, anafundisha mtindo, picha zinapigwa, anaondoka, na vijana wanabaki na mtindo mikononi kama funguo za nyumba ambayo hawajui iko wapi. Anaposema "siyo yetu" anauliza jambo la haki kabisa: hili limetengenezwa ili nilione mimi, au ili alione mwingine kupitia mgongo wangu?

Wasanii vijana, hasa waliosoma, wana jibu la haraka. Wanasema: lakini hii ilikuwa yetu tangu mwanzo! Mwaka 1907 Pablo Picasso aliingia katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakutana na vinyago vya Afrika, na mwaka huo huo akachora Les Demoiselles d'Avignon, picha ambayo baadhi ya nyuso zake si nyuso tena bali ni vinyago. Kuanzia hapo uchoraji wa Ulaya ukaanza kuvunja sura ya mtu kuwa pembe na bapa. Mwaka 1923 ikaonyeshwa Paris La Création du monde, dansi ya kuumbwa kwa dunia iliyotokana na masimulizi ya Kiafrika aliyoyakusanya mshairi Blaise Cendrars, na mandhari na maleba yake yakabuniwa na mchoraji Fernand Léger kwa kufuata sanamu za Kiafrika. Ilichezwa na kampuni ya Kiswidi, Ballets Suédois. (Waswidi hao, kupitia shirika lao la misaada, miongo kadhaa baadaye walikuja kuwa wafadhili wakubwa wa chuo cha sanaa Bagamoyo. Dunia ndogo.) Kwa hiyo, wanasema vijana, tukichukua tunarudisha chetu. Mwizi haulizwi hodi anaponyang'anywa.

Jibu hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo unapaswa kusemwa kwa sauti, hasa ukikumbuka kwamba mwaka 1920 Picasso alipoulizwa kuhusu sanaa ya watu weusi alijibu kana kwamba hajawahi kuisikia. Lakini kama hoja ya maadili, haitoshi. Vinyago vilivyowashtua wachoraji wa Paris vingi vilitoka katika makoloni ya Ufaransa, Afrika Magharibi na ya Kati. Mzaramo au Mkwere wa Bagamoyo ana hati gani ya umiliki juu ya kinyago cha Wafang wa Gabon? Tukisema "si sote Waafrika?" tunarudia kosa lile lile la makumbusho ya Paris: kulitia bara zima ndani ya kabati moja. Halafu, bwana, mnyororo wa nani alimwibia nani hauna mwisho. Ukiufuata utajikuta unadai risiti kwa kila mkunjo wa nguo.

Kwetu kuna kisa kilicho karibu zaidi, nacho kinatufundisha kitu kingine. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji bado havijapoa, Mjerumani Karl Weule alifika Lindi, akapanda hadi uwanda wa Wamakonde. Alipiga picha, alirekodi sauti za watu, akakusanya vitu na kuvipeleka makumbusho ya Leipzig, vinyago vikiwamo. Hoja yangu haihitaji mchoraji fulani wa Ujerumani awe alisimama mbele ya kabati hilo. Inatosha tutazame kilichobebwa na kilichoachwa.

Kilichobebwa ni mti uliochongwa. Kilichoachwa ni mapiko. Kwa Wamakonde, kinyago cha mapiko hakitundikwi ukutani. Kinachezwa, kichwa kizima kimevikwa, mwili umefunikwa kwa nguo mpaka vidoleni, ngoma zinalia, na sherehe za jando ziko nyuma yake. Wanaume wanajua ni nani amevaa. Wanawake na watoto hawatakiwi kujua, au hutakiwa wafanye kama hawajui. Kuna kinyago kingine cha mwili, kipande cha mti chenye tumbo la mimba na matiti, ambacho huvaliwa na mwanaume naye akacheza kama mwanamke mjamzito. Hebu fikiria ugumu wa jambo hilo: mwanaume anabeba kwa mti kile ambacho hawezi kukibeba kwa mwili, mbele ya wanawake wanaokibeba kweli. Pale uwanjani kinyago kilikuwa kinauliza maswali mazito. Nani anaruhusiwa kujua? Mvulana anakuwa mwanaume kwa kujua nini? Ndani ya kabati la kioo, kinyago kilibaki na sura tu. Swali lilibaki Newala.

Hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe lilipo. Kosa si kuvuka mpaka na kurudi na kitu. Kosa ni kuchukua sura na kuacha swali.

Na kosa hilo halina rangi ya ngozi. Sisi wenyewe tumelifanya, tena kwa nia njema. Baada ya uhuru serikali iliunda kundi la taifa la ngoma, likakusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzileta jukwaani. Sindimba ya Wamakonde ikatoka katika mazingira yake ya sherehe za kuwafunda vijana, ikafupishwa, ikapangwa mistari, ikachezwa na watu wa makabila mengine mbele ya wageni wa serikali. Ikawa kitambulisho cha taifa. Sidharau kazi hiyo; bila hiyo huenda vijana wengi wa mjini wasingeijua kabisa. Lakini ukijiuliza ni nini kilichobaki ukiondoa mzunguko wa kiuno, jibu si refu. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, kilirithi neema hiyo pamoja na mzigo wake: kufundisha ngoma ya watu fulani kwa watu wengine, nje ya mahali pake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kihaya anayejifunza sindimba kwenye fukwe ya Bagamoyo naye amevaa nguo ya kuazima. Hatumpigii kelele kwa sababu mshonaji ni jirani.

Na mara nyingine tunasahau kabisa kwamba tuliazima. Sarakasi, ambazo leo hakuna tamasha la Bagamoyo lisilokuwa nazo, zilitiwa nguvu na vijana wa Kitanzania waliopelekwa China miaka ya 1960 kujifunza. Nani leo anasema sarakasi ni mambo ya Kichina?

Lakini kuna kuazima kwingine hapa hapa pwani ambako swali halikuachwa njiani. Namaanisha beni. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, watu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na bara, waliitazama bendi ya kijeshi ya Mzungu: sare, gwaride, vyeo, baragumu. Wakaichukua yote. Wakaunda vyama vya ngoma vyenye wafalme na majenerali wao. Marini wakashindana na Arinoti kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu. Ukitazama picha zao utasema ni kuiga kutupu. Lakini maofisa wa kikoloni waliwatilia mashaka, na nadhani pua zao zilinusa kitu. Beni haikuchukua kofia peke yake. Ilichukua na swali la kofia: cheo ni nini, nani anakitoa, na kwa nini wewe unacho mimi sina? Kuli wa bandarini aliyevaa nishani siku ya Jumapili alikuwa anaonyesha, bila kutoa hotuba, kwamba ukubwa ni vazi, na vazi hushonwa.

Wanawake nao hawakubaki nyuma. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa sare na maandamano namna hiyo hiyo. Na hapa kuna jambo la kufurahisha. Tarehe 10 Desemba 1962, Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri na kutangaza wizara ya utamaduni, alilalamika kwamba wasomi wetu wanajua kucheza rumba na chachacha lakini hawajawahi hata kuzisikia ngoma za kwao. Katika orodha ya ngoma hizo za kwetu alizozitaja kulikuwamo lelemama, ngoma ambayo vyama vyake vilikwishavaa sare za gwaride bila kuomba msamaha kwa mtu. Katika hotuba hiyo hiyo alionya pia, kwa maneno makali, kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa wengine ni taifa la wendawazimu. Tunapenda kuikumbuka sehemu ya kwanza ya hotuba. Ya pili tunaipita haraka.

Kwa wapenzi wa fasihi, mfano mkubwa zaidi tunao kwenye rafu zetu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikwishaandika Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971) kabla ya kukamilisha udaktari wake mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki, mji ambao ukumbi wa Bertolt Brecht ulikuwa bado na kivuli kirefu. Brecht mwenyewe alikuwa mwazimaji: mwaka 1935 alimtazama mwigizaji wa Kichina Mei Lanfang akicheza Moscow, na kutoka hapo akanoa fikra yake ya mwigizaji asiyejifanya kuwa mhusika, bali anayemwonyesha mhusika. Hussein angeweza kurudi na mbinu tu, mabango na taa nyeupe. Lakini tamthilia alizochapisha mwaka 1976, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zinarudi kwa msimulizi wa ngano, mtu mmoja anayesimama mbele ya watu na kuzibeba sauti zote. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya mtu aliyelielewa swali la Brecht (mtazamaji afanyweje abaki macho?) kiasi cha kutambua kwamba fanani wa pwani alikuwa na jibu lake tayari. Aliazima swali, akalijibu kwa nguo yake.

Sasa turudi kwa kijana wetu na boksi lake kichwani.

Tuseme anataka kutengeneza igizo kuhusu alama ya X. Hakuna anayeishi kando ya barabara kuu za nchi hii asiyeijua: rangi nyekundu ukutani, maana yake nyumba yako imeingia kwenye hifadhi ya barabara au kwenye mradi. Watu wa Bagamoyo wanajua pia habari za wathamini. Mkataba wa awali wa bandari mpya upande wa Mbegani ulitiwa saini mwaka 2013, watu wakahesabiwa minazi na miembe yao, na mwaka 2019 mradi ukasimama. Unaweza kuliandika jambo hili kama igizo la kawaida: baba mwenye nyumba, mama anayelia, mwenyekiti wa mtaa mla rushwa, mwisho funzo. Tumeyaona mengi, na tunajua tutapiga makofi wapi.

Lakini je, ukimchukua Schlemmer pamoja na swali lake? Mwigizaji anaingia na mwili wa kawaida, anatembea nyumbani kwake. Kila mpimaji anapopita, anamfunga kipande kimoja: ubao mgongoni, duara kiunoni, bomba kwenye goti. Hasemi neno. Polepole mama anayejua kupika, kuinama, kubeba mtoto, anashindwa kuinama. Mpaka anapokamilika kuwa mraba wenye namba, na X juu yake, hawezi tena kuingia mlangoni mwake mwenyewe. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemla rushwa. Amepimwa tu. Nadhani hapo mtu wa benchi la nyuma atalitambua jambo ambalo igizo la mwenyekiti mla rushwa lilimficha: kwamba kuna uonevu usio na mwonevu mwenye masharubu, uonevu unaofanywa kwa rula na fomu, na watu wenye adabu. Jambo hilo si la Kijerumani. Linatokea Kimara, linatokea Zinga. Na umbo la Mjerumani, aliyeona miili ikipimwa kwa ajili ya vita, linalisema vizuri kuliko machozi.

Vifaa vyake vinapatikana mtaani: sponji ya godoro kuukuu, waya, madumu ya mafuta ya kula. Na ukitaka wachezaji wanaojua namna ya kuibeba ngoma wakati mwili umefungwa kwenye mti mgumu, usiende Stuttgart. Nenda uwanda wa Wamakonde.

Upande wa pili, fikiria kijana mwingine aliyeona picha za maleba yale yale kwenye simu, akazipenda, akavisha kikundi chake koni na mipira kwa sababu bango litapendeza na mgeni wa ubalozi atatabasamu. Ukimwuliza kwa nini koni, atakwambia ni ubunifu. Huyu ndiye methali inamhusu. Nguo haijamsitiri. Tena imemfunua, kwa sababu tunaona wazi kwamba chini yake hakuna swali. Ila uadilifu unatudai tumweke kwenye benchi moja na yule anayecheza sindimba ya dakika nane kando ya bwawa la kuogelea la hoteli. Mmoja amechukua sura kutoka mbali, mwingine kutoka karibu. Kosa ni moja.

Na tuseme ukweli kuhusu fedha, maana maadili bila bajeti ni hotuba. Kwa miaka mingi maigizo mengi ya nchi hii yamelipiwa ili yabebe ujumbe: ukimwi, malaria, choo bora, mimba za utotoni. Ni mambo ya maana na yameokoa watu. Lakini mfadhili wa ujumbe anataka ujumbe ufike, na umbo lisilotamka ujumbe wake wazi halina kifungu kwenye bajeti. Mfadhili wa utamaduni naye anataka utamaduni auone: ngozi, njuga, vumbi. Kati ya hao wawili, mwigizaji aliyegeuka mraba hana mlezi. Kwa hiyo tunapomwambia "siyo yetu", tujue kwamba tunamfungia mlango ambao tayari ulikuwa na makufuli mawili.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niiogope ile sentensi. Mwaka 1937, mjini Munich, utawala wa Hitler ulifungua maonyesho ya kuidhihaki sanaa ulioiita iliyopotoka. Kazi za Schlemmer zilikuwamo. Bauhaus yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1933. Moja ya makosa ya sanaa hiyo, kwa macho ya Wanazi, ilikuwa kwamba ilinuka Uafrika na Uyahudi; haikuwa ya Kijerumani. Yaani sentensi iliyotumika ni hii hii: siyo yetu. Simfananishi mzee wa benchi la nyuma na watu wale, hata kidogo. Yeye hana jeshi, na historia imempa sababu ya kuwa na wasiwasi. Nasema tu kwamba sentensi yenyewe haina breki. Ukiipa madaraka haiishii kwenye nguo, inaanza kuhesabu watu.

Basi msanii anadaiwa nini? Kwetu pwani jibu ni la zamani kuliko majumba yote ya makumbusho: piga hodi. Hodi si kuomba ruhusa tu. Unataja jina lako, unasema umetoka wapi, unangoja, unavua viatu. Anayeazima kwa hodi anawajua wenye nyumba kwa majina, na anawataja. Ajue Schlemmer alikuwa nani na alipitia nini, kama anavyopaswa kujua mapiko huchezwa lini na nani. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Kilimanjaro aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, ana wito wake maarufu kwamba tusiige, kwa kuwa kuiga humlaza Mungu usingizi. Naukubali, kwa maana hii: mwigaji ni mtu aliyeingia bila hodi, akabeba alichokikuta sebuleni, akatoka kabla mwenyeji hajaamka. Hakuna mazungumzo yaliyofanyika.

Mtazamaji naye anadaiwa. Badala ya "hii siyo yetu", aulize: "Unauliza nini?" Ni swali gumu kuliko lile la kwanza, maana halijibiwi kwa kitambulisho. Msanii akishindwa kulijibu, kwa mdomo au kwa igizo lenyewe, mtazamaji ana haki yote ya kuondoka, akachukue daladala mapema kabla foleni ya Tegeta haijakaza. Akiweza kulijibu, suala la nani alishona nguo linakuwa dogo. Njiani watu watakuwa wanabishana kuhusu ile X ya ukuta wa jirani, nani alihesabiwa minazi yake na nani alirukwa. Hakuna atakayekumbuka kuwauliza Wajerumani.